Bima ya Afya kwa Wazee: Mama Mkwe Hayumo Katika Bima Yako

Katika mazungumzo yaliyopita tumeshughulika sana na watoto, chanjo zao, uji wao na kuhara kwao. Leo tunageukia upande wa pili wa nyumba, pale penye kiti cha nyanya na mkongojo wa babu. Ikiwa una kazi mkononi, endelea nayo, lakini sikio lipe redio.

Nina swali moja kwako, mama. Mzee unayemtunza akianguka usiku wa leo akavunjika nyonga, nani atalipa hospitali?

Tukiuliza swali hili vijijini na mitaani, majibu huwa matatu. Wa kwanza husema, "Bwanangu anakatwa pesa za bima kwa mshahara, kwa hivyo mama yake yumo." Wa pili husema, "Wazee hutibiwa bure na serikali." Na wa tatu husema, "Baba alikuwa na kadi ya NHIF, tumeiweka vizuri ndani ya sanduku." Wote watatu husema kwa imani kabisa, na kwa kawaida wote watatu hugundua ukweli wakiwa wamesimama kwenye dirisha la malipo, mgonjwa yuko kwenye machela.

Tuanze na huyu wa tatu kwa sababu jambo lake ni fupi. NHIF, ile bima ya taifa iliyoanzishwa mwaka wa 1966, haipo tena. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilipitishwa mwaka wa 2023, ikapingwa mahakamani, na hatimaye tarehe 1 Oktoba 2024 kazi ikaanza chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile ambayo wengi wetu twaiita SHA. Kadi ya NHIF sasa ni kumbukumbu tu. Hata kama baba alilipa bila kukosa tangu siku za shilingi 160 kwa mwezi, na akaendelea ilipopanda hadi shilingi 500 mwaka wa 2015, alihitajika kujisajili upya. Kama hakuna aliyemsajili, basi leo hayumo.

Sasa turudi kwa yule wa kwanza, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapoteleza.

Bwana anayefanya kazi ya mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya kodi. Akilipwa shilingi 30,000, anakatwa shilingi 825 kila mwezi. Anapoona zile pesa kwenye karatasi ya mshahara anasema moyoni, "Angalau jamaa yangu imefunikwa." Lakini jamaa anayoihesabu yeye si ile inayohesabiwa na bima. Yeye anahesabu mama yake, baba yake na pengine shangazi aliyemlea. Bima inahesabu kaya. (Ndugu zetu wa Pwani wasicheke, hatusemi kaya za Wamijikenda. Hapa kaya ni watu wa nyumba moja mbele ya sheria.) Kaya ni mchangiaji, mume au mke wake, na watoto wao walio chini ya miaka 25 ambao bado hawajaanza kujitegemea. Wazazi wa mchangiaji hawamo. Mama mkwe anaweza kuwa analala chumba cha pili, anakula chungu kimoja nanyi, na wajukuu wanalala kitandani mwake, lakini kwa bima yeye ni nyumba nyingine.

Hivyo basi, mzee husajiliwa kwa jina lake mwenyewe na kulipiwa mchango wake mwenyewe. Kama babu na nyanya wote wako hai na ni mume na mke, hao wawili ni kaya moja, mchango wao ni mmoja. Kama ni mjane, yeye ni kaya peke yake.

Na yule wa pili, aliyesema wazee hutibiwa bure? Huyu hakuota. Katiba yetu ya mwaka 2010 inamtambua mzee kuwa mtu aliyefikisha miaka 60, na katika kifungu cha 57 inasema wazee wapate matunzo kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa serikali. Tena mpango wa Inua Jamii wa waliofikisha miaka 70, ulipoanza mwaka wa 2018, ulikuja na shilingi 2,000 kwa mwezi pamoja na ahadi ya bima ya NHIF iliyolipwa na serikali. Kwa hivyo maneno ya "bure" yalikuwa na asili yake. Lakini katika SHA hakuna kipengele kinachosema kwamba mtu akifikisha miaka 60, au 70, au 90, mchango unafutwa. Kinachoangaliwa ni uwezo wa nyumba, si mvi.

Hata hivyo, mama, lipo jambo jema hapa ambalo halitangazwi vya kutosha. Bima nyingi za kampuni za kibinafsi humwogopa mzee. Humwekea kikomo cha umri, au humtoza pesa nyingi, au humwuliza kama ana presha na kisukari kabla ya kumkubali. SHA haimkatai mtu kwa sababu ya umri wala kwa sababu ya ugonjwa alio nao tayari. Mzee wa miaka 85 mwenye kisukari cha miaka 20 anasajiliwa sawa na kijana wa miaka 26 anayecheza mpira. Kwa mtu anayetunza mzee, hilo si jambo dogo.

Sasa, kusajiliwa na kulipiwa ni vitu viwili, na kila kimoja kina faida yake. Tafadhali shika hapa.

Kusajiliwa peke yake, bila kulipa hata shilingi, kunamfungulia mzee mlango wa zahanati na kituo cha afya, yaani zile hospitali za ngazi ya 2 na ya 3 zilizo na mkataba na SHA. Huko hulipwa na Hazina ya Afya ya Msingi, na pesa zake hutoka kwa serikali. Fikiria mzee wako anahitaji nini mwezi hadi mwezi: kupimwa presha, kupimwa sukari, dawa za kikohozi, kidonda kufungwa, kuonwa na daktari kidogo au muuguzi. Mengi ya hayo ni kazi ya zahanati. Kuna mama anayelipa nauli ya matatu kwenda hospitali kubwa ya kaunti kila mwezi, anapanga foleni tangu alfajiri na mzee wa miaka 78, ili mzee apimwe presha tu, na zahanati iko umbali wa kurusha jiwe. Siku nyingine dawa hukosekana zahanati, nakubali, na ukiandikiwa ukanunue duka la dawa hiyo ni pesa ya mfuko wako. Lakini anza hapo. Na usisahau wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba. Mwaka wa 2023 walipewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Yule wa kijiji chako mjue kwa jina. Huyo huyo anaweza kukusaidia kumsajili mzee, na usajili hautozwi pesa. Akikuomba "ya soda" ndipo aandike jina, mwambie soda tutakunywa siku ya harusi.

Kulipiwa, sasa, ndiko kunakofungua mlango wa hospitali kubwa, ngazi ya 4 hadi ya 6: kulazwa, kufanyiwa upasuaji, kuoshwa damu kwa wenye ugonjwa wa figo, matibabu ya saratani. Hayo hulipwa na Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, na hiyo hazina inamjua aliyechangia tu. Ile nyonga tuliyoitaja mwanzo iko hapa. Mtoto wa jicho unaohitaji kutolewa, uko hapa. Tezi ya babu inayomfanya aamke mara sita usiku kwenda haja ndogo, ikihitaji upasuaji, iko hapa. Ipo hazina ya tatu, ya dharura na magonjwa sugu, ambayo kwa magonjwa sugu huingia pale ambapo kiwango cha bima kimekwisha na matibabu bado yanaendelea. Lakini kwa magonjwa hayo huwezi kurukia ya tatu bila kupitia ya pili.

Mchango wa mzee asiye na mshahara hupangwaje? Wakati wa usajili huulizwa maswali juu ya maisha ya nyumbani kwake: nyumba ni ya nini, paa ni la nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, taa ni ya umeme au ya mafuta, wanaishi wangapi. Kutokana na majibu hayo mtambo hukadiria mapato na kutoa mchango. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Kwa hivyo wa chini kabisa hulipa shilingi 3,600.

Hapa niseme ninavyoona mimi. Kumwambia mtu anayepata pesa kwa siku atoe za mwaka mzima mara moja ni kumbebesha mzigo mzito. Mwaka wa 2025 ukaletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu hukopeshwa mchango wa mwaka kisha akaurejesha kidogo kidogo, na ni wazi kwamba wenye kupanga nao waliliona tatizo. Lakini kwa mzee, mara nyingi suluhisho liko karibu zaidi. Nyanya ana watoto wanne wakubwa? Shilingi 3,600 gawanya kwa wanne ni shilingi 900 kila mmoja kwa mwaka. Ni shilingi 75 kwa mwezi. Sisi Wakenya ni hodari wa harambee, tunaweza kuchanga laki mbili mzee akiwa amelazwa na kundi la WhatsApp likajaa kwa siku moja. Kuchanga shilingi 900 akiwa mzima, ndipo utasikia "nitatuma mwisho wa mwezi". Dada, wewe unayekaa na mzee, usilibebe peke yako kwa sababu tu uko karibu. Waandikie ndugu zako kiasi, waandikie na tarehe. Wengine wameliweka kwenye chama chao: kila Desemba, kabla ya kugawana, mchango wa wazee hutolewa kwanza.

Jambo la kuangaliwa katika yale maswali ni hili. Mzee asiye na kitu anaweza kuwa anaishi katika nyumba ya mawe aliyojengewa na mwanawe, yenye umeme na tangi la maji. Maswali yakijibiwa juu ya ile nyumba, makadirio yanaweza kutoka juu kuliko uwezo wa mzee mwenyewe. Usidanganye, lakini pia usimwachie mtu mwingine ajibu haraka haraka kwa niaba yake. Kaa naye, mjibu pamoja. Kiasi kikitoka kikubwa kupita kiasi, peleka malalamiko ofisi ya SHA ya kaunti yenu au kwenye Huduma Centre, na ueleze hali ilivyo.

Na yule mzee ambaye kweli hana kitu, wala hana mtu? Sheria ya 2023 inasema serikali iwalipie watu wasiojiweza. Mwezi wa Oktoba 2025 serikali ilianza kuwalipia watu zaidi ya milioni 2 kutoka nyumba maskini. Ikiwa unamtunza mzee wa namna hiyo, au unamjua jirani, usikae ukidhani jina lake limeingia lenyewe. Nenda kwa naibu wa chifu na kwa mhamasishaji wa afya, uliza waziwazi. Na mzee anayepokea pesa za Inua Jamii asidhani kwamba kwa vile NHIF yake ililipwa zamani, basi SHA imelipwa vilevile. Bonyeza nyota 147 reli, hata kwa ile simu ya mulika mwizi, ufuate maelezo uone kama amesajiliwa na kama mchango umelipwa. Ni kazi ya dakika tano.

Tuje kwa vitambulisho na simu, maana hapa ndipo wazee wetu wanapotaabika zaidi. Usajili unahitaji kitambulisho cha taifa na nambari ya simu. Kitambulisho cha mzee mara nyingi kimefutika, kimepotea, au majina yake hayalingani na yale anayoitwa. Hilo halitengenezwi siku ya ugonjwa. Litengeneze sasa, kwa sababu kitambulisho kipya huchukua muda. Nambari ya simu nayo, tumia ya mzee mwenyewe, au yako wewe unayekaa naye kila siku. Usikubali kijana aliyekuja kusajili aweke nambari yake "kwa muda". Ujumbe wa siri ukitumwa, utakwenda kwake, na yeye atakuwa ameshahamia kijiji kingine.

Tena siku hizi hospitalini hutumika alama za vidole kuthibitisha kwamba mgonjwa ndiye mwenyewe. Mkono ulioshika jembe miaka 50, ukafua, ukasuguliwa na sufuria na majivu, unaweza kukataliwa na mashine. Si dhambi ya mzee. Njia nzuri ni kumpeleka mapema, akiwa mzima, alama zake zichukuliwe. Mashine ikikataa kidole hiki, wajaribu kingine. Ikikataa vyote, muulize mhudumu papo hapo ni njia gani itakayotumika mzee akiletwa mgonjwa, na uhakikishe imeandikwa. Ni heri kubishana na mashine siku ya Jumanne asubuhi kuliko usiku wa manane.

Ukifika hospitali kubwa na mchango umelipwa, elewa kwamba kwa upasuaji na matibabu makubwa hospitali huomba kwanza kibali kutoka SHA. Hilo linaweza kuchukua muda, na si kwamba wamekudharau. Uliza kila asubuhi, kwa adabu: "Daktari, kibali cha mama kimetoka?" Uliza pia mapema ni kiasi gani bima italipa na ni kiasi gani kitabaki kwenu, kwa sababu kila huduma ina kiwango chake. Kuosha damu, kwa mfano, kuna kikomo cha vipindi vinavyolipiwa kwa wiki. Kinachozidi kiwango ni juu ya jamaa, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya bili, si baada yake.

Kuna onyo moja. Mwezi wa Juni 2023, wakati wa NHIF, televisheni ilionyesha jinsi wazee wa Meru walivyoshawishiwa kwa ahadi ya matibabu ya bure, na hospitali zikadai pesa za bima kwa matibabu ambayo hawakuyahitaji. Waziri wa Afya wakati huo alisimamisha hospitali kadhaa. Jina la bima limebadilika, lakini tamaa ya pesa haijabadilika. Gari likija kijijini kuwachukua wazee wenye maumivu ya magoti, likiwataka waje na vitambulisho, uliza linatoka hospitali gani, nani amelituma, na wanakwenda kufanyiwa nini. Mpigie mhudumu wa zahanati yenu umuulize kama anawajua. Mzee asiweke kidole kwenye mashine yoyote kwa huduma ambayo hajaipata.

Barua na ujumbe wenu tumepokea, na swali moja limejirudia sana, hasa kutoka kwa kina mama waliolewa mbali. Mzee amekataa kusajiliwa. Anasema, "Mnaniombea ugonjwa?" Au anasema serikali inataka kumhesabia ng'ombe zake.

Usimgombeze. Kwa mzee, kuulizwa juu ya paa lake na choo chake na kijana asiyemjua ni fedheha, na hofu ya kuhesabiwa mali ina historia ndefu katika nchi hii. Mwambie ukweli, kwamba maswali yapo na kwa nini yapo. Anza na zahanati, kwa sababu huko haoni pesa ikitoka. "Mama, twende ukapimwe presha, na waandike jina lako ili siku nyingine tusiulizwe pesa." Akishaona kwamba alitibiwa akarudi nyumbani bila kufungua kitambaa cha pesa, mazungumzo ya mchango yatakuwa mepesi. Kama kuna rika lake aliyelazwa na bima ikamlipia, mlete wanywe chai pamoja. Maneno ya mwenzake wa rika yatafika mahali ambapo ya mkaza mwana hayafiki.

Na akiendelea kukataa, usajili ni wake na kidole ni chake. Weka kitambulisho chake mahali mnapopajua wawili, rudi kwenye jambo hilo baada ya wiki mbili, na umtafute yule mtoto wake anayemsikiliza zaidi. Kila mzee anaye mmoja.

Mazungumzo yajayo tutakaa juu ya mzee mwenye kisukari na jinsi ya kutunza miguu yake. Tayarisha beseni na taulo laini. Kwaherini.